Ofisi Kuu ya Ramani

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimefunga saluni mapema, mteja mmoja akaondoka na nusu kichwa. Mkutano wa kitongoji ulikuwa wa maana. Aneth, ofisa afya, anataka watu wa kujitolea kuchora ramani. Mvua zimeanza, mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa madini yamejaa maji, mbu wanazaliana, na wapuliza dawa hawajui nani analala wapi. Simuni kuna picha ya kitongoji iliyopigwa kutoka angani. Unagusa paa, unaandika: nyumba, duka, ofisi. Ukikuta maji yametuama, unaandika dimbwi.

Ikatakiwa pia kupatikana kiongozi wa kundi. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Wakamchagua Klara, jirani yangu, fundi cherehani. Eti ana subira. Kwani mbu wana subira?

Jumatano, 6 Machi

Siwezi kutulia. Tangu asubuhi Klara anapita nyumba kwa nyumba na mabuti yake, anapiga hodi, anauliza wanalala wangapi. Mimi nimechorea kwenye kiti cha kunyolea. Kama paa linaonekana toka angani, miguu ya nini? Kufika mchana nilikuwa nimemaliza upande wote wa bondeni.

Jioni Klara akaikagua kazi yangu mbele ya wenzetu. Baadhi ya nyumba zangu ni maturubai ya wachimbaji. Moja ni lori bovu, na ndani yake nimeweka familia ya watu sita. Akaniambia kwa upole nirudie, safari hii kwa miguu. Huo upole ndio ulionichoma.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetembea. Tope hadi magotini, mbwa wawili nyuma yangu. Nikiwa juu ya ukuta wa mtu, nikapata wazo. Kama uongozi nimenyimwa, ofisi nitajipa. Nikagusa paa letu, saluni mbele na vyumba vyetu nyuma, nikaandika: Ofisi Kuu ya Ramani. Imependeza.

Kisha nikagusa uwanja wa nyuma wa Klara, penye magugu tu. Nikaandika: dimbwi, mbu wengi mno. Kiongozi mwenye dimbwi kwake atajiuzulu tu. Mke wangu Loveness akaniuliza nacheka na nani. Nikamjibu niko kazini.

Jumanne, 19 Machi

Wapuliza dawa wamefika na wakaenda moja kwa moja kwa Klara. Nikasimama kwenye uzio na kitana mkononi, uso nimeuandaa kwa masikitiko. Wakafyeka magugu. Chini yake kulikuwa na shimo la zamani la wachimbaji, magogo yake yameoza, maji meusi yanachezacheza kwa viluwiluwi. Klara amepanga pale mwaka jana tu, hakujua. Wanawe wawili hawajaacha kuugua homa tangu Krismasi.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Shemeji, umeniokolea watoto."

Aneth akawaambia watu wanipigie makofi. Baadaye nikafikiri, huenda nililihisi lile shimo. Kuna watu wana kipaji hicho.

Wamepuliza hadi jioni. Kwetu wamepita tu. Ofisi haipulizwi, hamlali mtu. Nilitaka kusema, lakini siku ya makofi utaanzaje kujieleza?

Alhamisi, 4 Aprili

Loveness ameamka anatetemeka, mwili moto kama jiko. Ni mjamzito. Chandarua chetu kimechanika, kila siku nasema nitanunua kingine. Nikakimbilia barabarani. Nikarudi kuchukua kadi ya kliniki. Nikarudi tena kuvaa viatu. Nilipotoka, Klara alishapata bodaboda, amempakata mke wangu nyuma, wanaondoka. Nikawafuata mbio na kadi.

Zahanati wakampima: malaria. Muuguzi akauliza inakuwaje mjamzito alale nyumba isiyopulizwa wakati kitongoji kizima kimepulizwa. Nikatazama dari. Klara akafungua ramani kwenye simu, akaitazama kitambo.

"Shemeji, hii ofisi ndimo mnamolala?"

Nikasema ndiyo. Nilingoja anitukane, ningepata nafuu. Hakunitukana. Akafuta, akaandika upya, akinisomea kila neno: nyumba, watu wawili, mmoja mjamzito. Kisha akampigia Aneth.

Nimeshinda nje ya wodi, nakaa, nasimama, nakaa. Nimeomba Mungu kwa maneno niliyodhani nimeshayasahau.

Jumapili, 7 Aprili

Loveness amerudi nyumbani. Amekunywa uji na mtoto anacheza tumboni. Kuta zimepulizwa jana, chandarua kipya Klara amekifunga mwenyewe. Nilipoingia chumbani Loveness akaniuliza, "Habari za ofisini?" Nikapiga magoti, nikamwapia kwamba ujanja basi. Nilimaanisha kabisa.

Alasiri mtendaji wa kijiji akapita na tangazo. Inachorwa ramani ya mabomba ya maji, wanatakiwa watu wa kujitolea, na bomba litawekwa jirani na penye watu wengi. Nikamfikiria Loveness na tumbo lile, na ndoo kichwani. Roho ikaniuma. Nimejiandikisha wa kwanza.

Nyumba yetu nitaiandika shule ya msingi.