Jekundu Manila, Jeupe Tagbakan

Jumatano, 5 Julai

Barua mbili mezani. Zote zangu. Zote zinasema nimekubaliwa.

Ya kwanza inatoka Chuo Kikuu cha San Ladislao, Manila. Ghorofa kumi na mbili. Lifti. Hospitali kubwa ng'ambo ya barabara. Ya pili inatoka Chuo cha Tagbakan, dakika arobaini kutoka hapa kijijini. Kijitabu chao kina picha ya maabara, na dirishani, waziwazi kabisa, nyati wa kulimia anachungulia. Kote nitasoma biolojia, ambayo ni mlango wa kwanza tu. Biolojia miaka minne, kisha mtihani, ndipo shule ya udaktari yenyewe. Mimi, Leocadio Magbanua, miaka kumi na minane, nitakuwa daktari. Hilo halina mjadala. Mjadala ni wapi nianzie.

Nimeshachagua. Manila. Kinachokosekana ni sahihi ya mlezi. Mama ni nesi huko Riyadh. Nikampigia, akasema atakalosema Bibi ndilo hilo, na je, nimekula? Bibi Primitiva naye akasema yeye aliishia darasa la nne, mambo ya madaktari anamwachia Mtakatifu Teresia, yule anayejibu kwa mawaridi. Atasali novena, siku tisa, kuanzia kesho. Waridi jekundu likifika mkononi mwake bila yeye kuliomba, niende Manila. Jeupe, Tagbakan. Lisipofika lolote, niamue mwenyewe. Fomu ya Manila mwisho wake Jumamosi tarehe 15, saa sita mchana.

Kwa hiyo maisha yangu yote yanangoja ua.

Binamu Jovelyn alikuwepo, anakula ndizi zetu. Alicheka mpaka akapaliwa. Yeye keshasaini Tagbakan. Biolojia hiyohiyo, udaktari huohuo. Sasa niseme kweli, maana daftari halina mdomo. Tangu darasa la kwanza jina la Jovelyn liko juu ya orodha na langu liko chini yake. Miaka kumi na miwili! Hata lile bango la kutupongeza, pale njia panda, sura yake iko juu, yangu chini, na ya mwenyekiti wa kijiji kubwa kuliko zetu zote mbili. Manila hakuna Jovelyn.

Tagbakan siendi.

Alhamisi, 6 Julai

Siku ya kwanza ya novena. Bibi kawasha mshumaa mbele ya sanamu na kunikazia macho kana kwamba ananijua.

Nimefikiri sana. Mtakatifu ana watu wengi wa kuwahudumia. Kumsaidia mtu mwenye kazi nyingi si udanganyifu. Ni adabu.

Tatizo ni mawaridi. Kijiji hiki kina kila ua isipokuwa hilo. Joto huliua, lisipoliua joto wanaliua viwavi. Bibi anasema ndiyo maana yake, ishara inayoota kila uani si ishara. Mwenye mawaridi ni mmoja tu, Mama Pasing, fundi wa mashada ya misiba, kibanda chake kiko ubavuni mwa kanisa. Huletewa maua kutoka mjini kila Jumanne.

Nikaenda. Akavua miwani, akashika mkono wangu kwa huruma, akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia bado.

Halikuwa jibu zuri.

Jumamosi, 8 Julai

Waridi jekundu nilipata jana, kwa makubaliano kwamba nitambandikia Mama Pasing herufi kwenye tepe za mashada mchana mzima. Nimebandika "Pumzika kwa amani" mara ishirini na sita. Jioni akachomoa waridi kwenye shada ambalo wenyewe hawakulifuata, akanipa.

Mpango ulikuwa safi. Kaka Nestor, muuza mikate ya asubuhi, alitumbukize kwenye mfuko wa Bibi katikati ya mikate ya moto, halafu aendeshe baiskeli yake kama mtu asiyejua lolote. Alifanya hivyo. Bibi akafungua mfuko. Akaliona. Akaweka mkono kifuani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshaanza kupanga masanduku.

Halafu akaligeuza. Kwenye kikonyo kulikuwa na kipande cha utepe ambacho sikukiona. "Buriani, kutoka Chama cha Madereva wa Bajaji."

Bibi alilia. Akaita majirani. Akawaambia Mtakatifu amemwonyesha wazi, mjukuu wake akikanyaga Manila atagongwa na bajaji. Nikasema Bibi, rangi ndiyo ishara, jekundu ni jekundu. Akasema, "Wewe nyamaza, marehemu."

Baada ya kahawa alitulia. Akaamua kwamba ishara yenye mkosi haihesabiki, siku bado zipo, tuendelee. Jovelyn ananiita marehemu tangu saa tatu asubuhi. Kijiji kizima kimefuata.

Jumatatu, 10 Julai

Mbinu mpya. Bibi hajawahi kuiona Tagbakan. Akiiona, atajionea mwenyewe. Nyati, matope, mabati. Nikamwambia twende tukatembee. Akavaa viatu vya kanisani.

Matope yalikuwepo. Nyati alikuwepo, na Bibi akamsifu kwamba kanona.

Lakini hapo mlangoni akatokea Daktari Salcedo, mwanamke mfupi mwenye ndala, ndiye anayefundisha biolojia, na alasiri ndiye anayetibu kwenye kituo cha afya cha pembeni. Bibi akanyoosha mkono, daktari mzima akauinamia na kuugusisha kwenye paji la uso wake, salamu ya heshima kwa wazee, kama mjukuu. Nikajua siku imeharibika. Daktari akatutembeza. Wanafunzi kumi na wawili tu darasani. Kila mmoja na hadubini yake. Nikamuuliza, kwa sauti ili Bibi asikie, kama kuna lifti. Akasema jengo lina ghorofa moja. Bibi akaniangalia.

Kisha Daktari akasema mwaka wa pili wanafunzi huanza kukaa naye kituoni, wanapima watoto uzito, wanapima wazee presha. San Ladislao, ukurasa wa tisa, maandishi madogo, mgonjwa wa kwanza utamwona ukiwa shule ya udaktari. Niliusoma ukurasa huo zamani. Niliufunga.

Tulipofika kituoni Daktari akanipa kipimo cha presha, akaniambia nimpime Bibi. Nikafunga mkanda mkononi, nikapampu, nikasikiliza, nikatangaza matokeo. Daktari akasema kwa namba hizo bibi yako amekufa tangu Jumapili. Manesi walicheka. Mmoja akauliza kama mimi ndiye yule marehemu. Habari zimefika mpaka Tagbakan!

Daktari akasogeza vidole vyangu mwenyewe. "Hapa. Usisikilize kelele, subiri pigo la kwanza." Nikasubiri. Nikalisikia. Tu, tu, tu. Bibi yangu, ndani ya sikio langu. Mia na sabini na nane juu ya mia na nne.

Daktari akarudia, akapata zile zile. Hakutania tena. Akamuuliza Bibi kizunguzungu kimemwanza lini. Bibi akasema tangu mavuno yaliyopita, hakutaka kusumbua watu. Akaandikiwa dawa, na chumvi ikapigwa marufuku, pamoja na samaki wake wakavu.

Njiani Bibi alitembea ameshika karatasi ya dawa. Mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa sana. Na chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, ile tu, tu, tu, ambayo mpaka sasa naisikia. Sikufurahi. Naandika hivyo ili ikae kwenye kumbukumbu. Sikufurahi hata kidogo, na Tagbakan siendi.

Jumatano, 12 Julai

Siku ya saba. Nimerudi kwa Mama Pasing kutafuta jekundu lisilo na utepe. Katika maua ya jana lilikuja jekundu moja tu, na limeshawekwa kando kwa ajili ya mtu. Nikauliza nani. Akasema fundi wa misiba hatoi siri za wateja. Yaliyobaki ni meupe matano.

Nilipokuwa naondoka akasema, hivihivi tu, kwamba binamu yangu alipita asubuhi kuulizia mawaridi.

Jovelyn! Nikasimama palepale. Kumbe. Anataka kumpelekea Bibi jeupe, anikokote mpaka Tagbakan, anikalie juu ya kichwa miaka minne mingine. Anahitaji mtu wa kumshinda. Bila mimi hana utamu.

Nikapiga hesabu haraka, kwa akili ya kisayansi. Jekundu halipatikani. Lakini sheria ya Bibi ni kwamba lisipofika ua lolote, naamua mwenyewe. Kwa hiyo sihitaji jekundu. Nahitaji tu jeupe lisifike. Na meupe yako matano katika tarafa nzima.

Nikayachukua yote. Nimeahidi Jumapili tatu za kubandika herufi.

Nimeyaficha chini ya kitanda changu, ndani ya ndoo yenye maji, maana yakinyauka Mama Pasing atasema nimemwaibisha. Ndoo ndefu ilikuwa moja tu nyumbani. Jovelyn alikuja jioni, akaniuliza mbona ninatabasamu. Nikasema natabasamu kwa sababu ya afya. Akaniangalia kwa namna ya ajabu, kama mtu mwenye mpango wake. Masikini. Hajui mpango wake uko chini ya kitanda changu.

Alhamisi, 13 Julai

Siku ya nane. Hakuna ua lililofika. Nimejaza fomu ya Manila kwa wino mweusi, nimeacha nafasi ya sahihi tu.

Nimempima Bibi presha. Daktari Salcedo alituazima kipimo. Mia na sitini juu ya tisini na sita. Amelalamika kwamba wali bila samaki wakavu ni adhabu ya jela. Nikamwambia akiwa mkaidi nitampima kila saa. Akaniambia nina vidole baridi, daktari hapaswi kuwa na vidole baridi, niwe navisugua kwanza. Nimevisugua.

Hiyo haina uhusiano wowote na chuo.

Ijumaa, 14 Julai

Ijumaa Bibi hufua.

Miaka kumi na minane ninaishi nyumba hii. Kila Ijumaa, mvua au jua, Bibi hufua, na hufulia ndoo ndefu. Mtoto wa miaka mitatu wa jirani analijua hilo.

Nilikuwa uani nalisha kuku. Nikasikia jina langu lote, Leocadio Magbanua, pamoja na majina ya ubatizo na kipaimara. Nikaingia mbio. Bibi amepiga magoti kando ya kitanda changu, ndoo mbele yake, mawaridi meupe matano kifuani, maji yanamchuruzika kwenye gauni. Siku ya tisa. Mkononi mwake. Bila kuyaomba.

Nikasema si ishara hiyo, Bibi, nimeyanunua mimi. Akauliza kwa nini nimenunua meupe. Nikasema ili yasikufikie. Akauliza, "Na sasa yako wapi?"

Nikaitazama ndoo.

Akainuka kwa kunishika bega. Akasema yeye hakuwa mjinga, alijua tangu mikate ya Nestor, mtakatifu gani anatuma ua pamoja na chama cha bajaji. Alinyamaza ili aone nitafika wapi. Na mtu aliyekesha siku mbili akiyanywesha maji mawaridi meupe chini ya kitanda chake, moyo wake umeshahamia, umebaki mdomo tu. Nikasema sivyo. Akasema, "Basi nipime presha, unieleze tena."

Nikasugua vidole. Mia na arobaini na nane juu ya tisini.

Akaiona sura yangu. Akavuta fomu ya Tagbakan, iliyokuja na barua yao, akasaini taratibu, herufi kubwa za darasa la nne, akapuliza wino ukauke.

Wino haujakauka, hodi. Jovelyn, amevaa gauni la misa, nywele amechana, mkononi ana waridi jekundu moja, zuri, halina utepe. Akasema kwa sauti ya malaika kwamba ameliokota mlangoni mwetu.

Akaona meza. Akaona meupe. Akaona sahihi.

Nilimfuata nje. Nikamuuliza ana wazimu gani, jekundu la nini. Akasema lile lililowekwa kando lilikuwa lake, kalilipia tangu Jumatano, alingoja siku ya tisa ili lionekane la kweli. "Nilitaka uende Manila, Cadyo. Miaka kumi na miwili nasikia unavyonihemea kisogoni. Kila mtihani nakesha kwa sababu yako. Nilitaka niketi Tagbakan nisome kama watu, nilale." Akaanza kulia. "Ungekaa tu kwenye kiti! Siku mbili! Kukaa tu!"

Kukaa tu. Ningekaa tu, leo ningekuwa wa lifti.

Kwa hiyo ananiogopa. Miaka kumi na miwili ananiogopa! Hii ndiyo habari njema kuliko zote nilizopata mwaka huu, na imenijia siku mbaya kuliko zote.

Jumamosi, 15 Julai

Saa sita mchana imepita. Fomu ya Manila nimeifunika na sahani ya wali. Bibi kaweka mawaridi yake matano mbele ya sanamu, na ndoo kairudisha kazini.

Nakwenda Tagbakan. Naandika wazi kwamba nakwenda kwa kulazimishwa na maua.

Jumapili, 16 Julai

Nimeamka na akili safi kabisa.

Turudi kwenye sheria. Waridi jekundu ni Manila. Jekundu lilifika mkononi mwa nani? Si mwa Bibi. Bibi hakuligusa. Lilikuwa mkononi mwa Jovelyn, tangu kwenye hodi mpaka alipoondoka nalo akilia. Jeupe lilikuja nyumbani kwangu, kwa hiyo mimi ni wa Tagbakan, sawa, nimekubali, mimi si mtu wa ubishi. Lakini Mtakatifu Teresia amesema wazi kwamba Jovelyn ndiye wa Manila! Fomu imefungwa jana, najua, lakini Mtakatifu hafuati saa ya San Ladislao. Watu hawataki kusoma ishara.

Nikampelekea Bibi hoja hiyo wakati namfunga mkanda wa presha. Mia na arobaini juu ya themanini na nane. Akasema mambo ya Jovelyn yana mlezi wake, yule shangazi yangu, na shangazi haamini kitu mpaka asali novena. Alikuwa ananitania. Mimi sikutaniwa. Shangazi anaanza kesho, nimeshamwomba.

Orodha ya Tagbakan ikitoka Desemba jina langu litakuwa la kwanza. Linahitaji nafasi tu.

Mchana nilikwenda kubandika herufi, Jumapili ya kwanza kati ya tatu. Nikamwambia Mama Pasing aniwekee kando jekundu moja la Jumanne, safari hii bila utepe. Akavua miwani, akanishika mkono, akaniuliza nani amefariki.

Nikamwambia bado.