Matoka Yanashuka Saboti

Jumapili, 4 Mei 2003
Mvua tena hapa Saboti. Udongo wa mteremko ulio nyuma ya nyumba umefika dirisha la jiko. Nyaruai, mke wangu, anasema siku moja utatuzika pamoja na sufuria. Wabwile, fundi kutoka Bungoma, alishatupatia dawa: mtaro wa kukinga maji juu, matete kwa safu katikati, magunia ya udongo chini. Ati ni rahisi. Rahisi! Mimi nina dawa ya bure.

Katikati ya mteremko kuna matoka, maua ya mpaka yaliyopandwa na marehemu baba pamoja na marehemu baba yake Kimaiyo, jirani wa juu. Nikiyasogeza juu kidogo, yatashika udongo huko unakotoka. Mpaka nao utapanda. Nani atalalamika?

Kimaiyo alipokwenda kanisani, niliyachimbua, nikayapanda juu. Nyaruai akanikuta na jembe, akashika kifua. Akaniambia itoka, hata liwe moja, halihamishwi, na anayelihamisha hufuatwa. Nikamjibu hii ni karne nyingine.

Jumatatu, 5 Mei
Kimaiyo alikuja mapema na mzee wa kijiji. Akautazama mteremko sana. Akauliza kama mpaka ulikuwa pale siku zote. Nikaapa mbele ya mzee: palipo na itoka ndipo penye mpaka. Kimaiyo akauliza, hata leo? Nikasema hata kesho! Wakaondoka. Ushindi! Nimekula ugali wangu na wa Nyaruai.

Jumatano, 7 Mei
Matoka yameshuka.

Nilidhani ni macho. Yamerudi yalipokuwa zamani, wima, safu moja, hakuna jani lililovunjika. Nilitaka kumlaumu Kimaiyo, lakini matope yote yale hayana hata unyayo mmoja. Wabwile alipita akasema mashimo yangu yamekunywa maji, sasa udongo unateleza mzima mzima kama blanketi kitandani. Matete bado yanaweza kuuokoa, bana. Nikamwambia anatafuta kazi tu. Mbwa hataki kwenda nyuma ya nyumba. Nami naogopa, lakini simwambii mtu.

Ijumaa, 9 Mei
Yamepita choo! Jana jioni choo kilikuwa changu, leo kiko upande wa Kimaiyo. Yeye amekuja kuomba ufunguo, kwa heshima kabisa. Nikampa, ningefanyaje?

Nyaruai ametoa sufuria zote jikoni. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 11 Mei
Alfajiri nilisikia kitu kinakwaruza ukuta, polepole, kama kucha. Nikafungua jiko. Ukuta wa nyuma umelala chini. Itoka moja limesimama kando ya mafiga, limechanua, jeupe. Mengine yamejipanga nyuma yake kama wazee waliokuja kudai jibu. Hakukuwa na upepo, lakini yalikuwa yakitikisika. Nilifunga mlango, nikaushikilia kwa mgongo.

Kimaiyo alikuja na mzee wa kijiji. Hakucheka, na hilo ndilo liliniumiza. Alivua kofia, akasema taratibu, "Si ulisema hata kesho, jirani? Kesho si ndiyo hii?" Mzee akaitikia. Jiko sasa ni la Kimaiyo.

Nyaruai amewachukua watoto, amekwenda kwa dada yake huko Kitale. Langoni aligeuka mara moja. "Baba Ngige, panda matete. Siku yatakaposhika udongo, nitarudi."

Nimelia. Nyumba haina moshi wala sauti, ila ule mkwaruzo, na sasa umefika ukuta wa chumba cha kulala.

Wabwile ameacha mzigo wa matete langoni. Bure, ati ni kwa ajili ya mama watoto. Nimeyatazama muda mrefu. Kisha nimemlisha ng'ombe matete hayo, kwa sababu nimeliona kosa langu: niliyapanda matoka karibu mno!

Kimaiyo amekwenda ibada ya mchana. Naenda kuyang'oa yote, niyapande kule juu kabisa, nyuma ya zizi lake. Yakitaka kunifuata, na yatembee.