Malalamiko ya Mchoma Mikate Aliyetolewa wa Tisa

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Burudani,
Kiwanda cha Mikate.

Ndugu Mwenyekiti (ambaye pia ni shemeji yangu),

YAH: KUTOLEWA KWANGU MASHINDANONI NIKIWA NA KUMI MBILI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umekaa, maana ni ndefu. Mimi ni mzima kiasi, ila roho inaniuma.

Kama unavyokumbuka, na najua unakumbuka kwa sababu unasimulia kila siku kwenye chumba cha kubadilishia nguo, uongozi ulitoa nafasi nane za kupumzika Jumapili zote za mwezi ujao. Wafanyakazi tuko ishirini na wanne. Kamati yako ikaona badala ya kupiga kura tucheze poka kwa vizibo vya soda. Anayeishiwa vizibo anatoka, mpaka wabaki wanane, na hao wanane ndio wanaopumzika. Wa tisa anarudi tanurini sawa na wa ishirini na nne, tena kwa aibu zaidi.

Wa tisa ni mimi.

Unajua kwa nini nilizitaka Jumapili hizo. Mpwa wako anachezea timu ya shule mpira wa kikapu, na mechi zao ni Jumapili asubuhi. Msimu mzima sijamwona hata mara moja. Akirudi nyumbani hupanga machungwa mezani kunionyesha nani alikuwa wapi na yeye alipita wapi. Ndugu Mwenyekiti, nimechoka kumtazama mwanangu akiwa chungwa.

Sasa malalamiko yangu nayapanga kwa namba, usije ukasema hukuelewa.

1. Kuhusu kumi zangu. Tulikuwa tumebaki tisa. Wewe ukaongeza dau, nami nikachungulia karata zangu nikakuta kumi ya kopa na kumi ya shupaza. Mkono huo si wa kifalme, nakubali, lakini si wa kutupa pia. Dada yako aliniusia mlangoni kwamba tukikaribia zile nafasi nane, mkono wa katikati kama huo niutupe bila huruma, nimsubiri mwenye vizibo vichache atangulie kutoka. Zaidi ya yote, nisipambane na mwenye vizibo vingi kuliko mimi, kwa sababu ni huyo tu anayeweza kunifukuza mezani. Mwenye vizibo vingi ulikuwa wewe. Lakini mimi ni mchoma mikate, miaka kumi na moja sasa. Mkate ukiiva unatolewa, hauambiwi subira yavuta heri. Nikasukuma vizibo vyangu vyote katikati ya meza.

2. Kuhusu malkia wako wawili. Jumapili zako ulikuwa umeshazitia mfukoni, na mbele yako kuna mlima wa vizibo. Mtu mwenye utu angemwona shemeji yake anavyotokwa na jasho, akatupa karata, akajidai ana kikohozi. Wewe ulikubali papo hapo, bila hata kujikuna kichwa, ukafunua malkia wawili. Karata tano za wote zikafunguliwa katikati ya meza na hakuna hata moja iliyonijua. Halafu ukanipa pole. Pole ile njoo uichukue, ipo kama ulivyoiacha.

3. Kuhusu Mama wa Mizani, yule anayetupimia unga. Alikuwa amebakiwa na vizibo viwili. Mzunguko uliofuata ilikuwa zamu yake kutoa vizibo viwili vya lazima kabla hata ya kuona karata, yaani alikuwa anasubiri kuagwa tu. Karibu saa nzima alikuwa anatupa kila mkono anaopewa, anakunywa chai, anatazama dirishani. Huko si kucheza, huko ni kukaa! Na kwa kukaa huko amepata nafasi ya nane, mimi niliyepigana nikapata koleo. Nataka iwepo kanuni kwamba mwenye vizibo vichache kuliko wote aone haya, atoke mwenyewe.

4. Kuhusu hali ya nyumbani. Dada yako hajanigombeza, na heri angenigombeza. Kila akipakua chakula ananiuliza kwa upole kama nitasubiri kipoe au nitasukuma chote. Mpwa wako yeye aliyaokota machungwa yake mezani, akayarudisha kwenye kapu.

5. Kuhusu haki. Naomba matokeo yafutwe. Ikiwa ni vigumu, basi kumi ipandishwe cheo ikae juu ya malkia, angalau kwa watu wa tanuri. Hilo nalo likishindikana, nafasi ziwe tisa, mikate itajijua. Na ikiwa hamuwezi kunipa Jumapili kabisa kabisa, naomba Jumapili ihamishiwe Jumanne, kwa kuwa Jumanne tayari ni siku yangu ya mapumziko na hakuna atakayesumbuka. Watu wa shule nitaongea nao mwenyewe.

Simtishi mtu. Nakukumbusha tu kwamba mkate mnaokula kwako unapitia mikononi mwangu.

Nisalimie mkeo na watoto, mlinzi wa getini, na wote sita waliopita bila kumdhulumu mtu. Dada yako anakusalimu sana. Nimemwomba atie saini, kakataa.

Ni mimi, katika joto na masikitiko,
Mchoma Mikate,
Tanuri Namba Mbili.

Nyongeza: Barua hii ilikaa siku tisa kwenye mfuko wa aproni nikitafuta bahasha. Katikati ya siku hizo Mama wa Mizani alikuja tanurini na orodha ya zamu. Jumapili ya kwanza alikuwa amefuta jina lake, kaandika langu. Akasema yeye angelala tu. Kwa hiyo namba 3 ifute, tena uifute vizuri isisomeke.

Nilikwenda, na dada yako tukafuatana. Timu ya mpwa wako ilikuwa inaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde kumi, na mpira anao yeye. Hakuwa na kazi nyingine ila kuushika. Kulikuwa na mtu mmoja amesimama juu ya benchi, anapiga kelele kuliko wote, ashike, asubiri, asirushe hata kidogo. Mtu huyo ni mimi. Mwanangu akarusha. Mpira ukazunguka mdomo wa kikapu, ukatoka, wenzao wakaudaka, wakakimbia, wakafunga. Wametolewa mashindanoni, kwa hiyo Jumapili zilizobaki endeleeni nazo.

Nikamfuata na hotuba nzima kichwani, yote ya dada yako. Kabla sijafungua mdomo akanitazama, machozi yanamlengalenga, akasema, "Baba, lakini nafasi ilikuwa nzuri."

Nikamwambia kweli, ilikuwa nzuri sana. Dada yako akatutazama sote wawili, akatangulia nyumbani.