Jiwe la Getini kwa Mama Mkwe

Leo nimeaibika, tena mahali pabaya kuliko pote: getini kwa mama mkwe ambaye bado hajakubali kuwa mama mkwe.

Wanaonijua wanajua mimi ni fundi cherehani pale Mwanga, na ugonjwa wangu ni kupiga picha madoa ya mawe. Yale ya kijivu na kijani yanayoota kwenye mawe ya zamani, ambayo ninyi mnadhani ni uchafu. Si uchafu, ni viumbe. Nina kalenzi kadogo ka kubana kwenye simu. Ukikasogeza karibu kabisa, doa la ukubwa wa kifungo linageuka sayari nyingine: mabonde, mashimo meusi, vikombe vyenye midomo myekundu, misitu isiyo na jani hata moja. (Ndiyo, nina miaka thelathini na moja. Ndiyo, kuna nguo za watu zinasubiri.)

Leo ilikuwa siku ya kutambulishwa kwa mama yake Jeremia, mchumba wangu, kule Bangwe. Mama Jeremia ni kiongozi wa kikundi cha maombi, na anachokiweza kuliko vyote ni kukemea waganga. Binti aliyeletwa kabla yangu alikataliwa kwa sababu alikaa kabla ya kukaribishwa. Kwa hiyo wiki nzima nimefanya mazoezi ya shikamoo mbele ya kioo. Nampenda Jeremia, jamani. Nilikuwa naogopa kweli.

Tumefika saa nne, mshikaki, watu watatu kwenye bodaboda moja. Kushuka tu, Jeremia akakumbuka hatujanunua soda. "Nisubiri hapa getini, usiingie peke yako," akasema, akaondoka na bodaboda ileile.

Ningesubiri kama watu wengine wanavyosubiri. Lakini pembeni ya geti pana jiwe. Jiwe kubwa, la siku nyingi, limejaa madoa ya kila rangi, mengine ya njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji. Nikasema picha moja tu.

Sasa, madoa haya yakikauka hufifia. Ukiyalowesha, rangi zinafunguka. Huwa natumia chupa ya kunyunyizia nguo ninapopiga pasi, na chupa yenyewe nimeisahau dukani. Nikafanya tunavyofanya mafundi chupa ikikosekana: nikapiga funda la maji yangu ya kunywa, nikapuliza. Pfuu. Jua nalo lilikuwa linapiga kwenye kioo cha simu, nikatoa kipande cha bitana nyeusi kwenye mkoba, nikajifunika kichwa. Nikapiga magoti. Nikawa nayabembeleza: "Funguka. Funguka kidogo tena." Pfuu. Nikapiga funda jingine.

(Isomeni aya hiyo mara ya pili, halafu mjiweke mahali pa mtu anayetokea nyuma yangu.)

"Wewe ni nani, na unafanya nini kwenye geti langu?"

Nikageuka. Mama Jeremia, na nyuma yake wanawake wawili wa kikundi cha maombi waliokuja kumwona mchumba. Nikakumbuka mazoezi yangu. Nikafungua mdomo nitoe shikamoo, na maji yote yaliyokuwamo yakatua miguuni pake.

"Ashindwe," akasema mmoja wa wale wawili.

"Mama, mimi ndiye mgeni wa Jeremia. Nilikuwa napiga picha."

"Picha ya nini? Hapa kuna nini cha kupiga picha?"

Nikaona ushahidi utaniokoa. Nikampa simu. Akavaa miwani, akatazama vile vikombe vyenye midomo myekundu, yale mashimo, ile misitu.

"Huku ni wapi?"

"Hapa hapa, mama. Getini kwako."

Akanirudishia simu kwa vidole viwili. "Dada Eliza," akamwambia mwenzake taratibu, "kuzimu imefunguliwa getini kwangu. Leta stili waya na maji ya moto."

Ningenyamaza hapo ningeondoka na nusu ya heshima yangu. Lakini viumbe wale hukua polepole mno, pengine wengine wana umri kumzidi Jeremia. Likanitoka: "Msiwasugue, mama. Wako hai."

(Wako hai. Ndivyo nilivyosema. Kwa mkemea waganga.)

Dada Eliza akaja na stili waya. Mimi nikalilalia jiwe, na gauni jipya nililolishona siku tatu. Jeremia akanikuta nimelikumbatia kwa mikono miwili, mama yake ananiombea kwa sauti juu ya kichwa.

Akatua kreti ya soda. "Mama," akasema, "huyu ndiye niliyekwambia ana kipaji."

Tumeeleza nusu saa nzima, mpaka habari ya chupa ya pasi. Mama akasema haamini mpaka aone mwenyewe. Nikamshikisha simu, nikamfunika bitana kwa sababu ya jua. Akapiga magoti. Akaisogeza simu doa kwa doa.

"Kumbe Mungu aliumba na hivi," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi miaka yote namwaga hapa maji ya vyombo." Halafu: "Mbona rangi zinapotea?"

"Yanakauka, mama. Yanataka maji."

Akainua kitambaa, akatazama barabara huku na huku. Akachukua chupa yangu ya maji, akapiga funda. Pfuu. "Funguka," akaliambia jiwe, akapiga funda jingine. Wenzake wakapiga magoti pembeni kusubiri zamu.

Ndipo baiskeli ikafunga breki nyuma yetu. Alikuwa mzee wa kanisa lao.

"Mama Jeremia?"

Mama akageuka haraka kumsalimia. Mdomoni bado mlikuwa na maji. (Suruali ya mzee ni ya kaki. Ilionekana vizuri.)

Jumapili baada ya ibada tumeitwa wanawake wote wanne tukajieleze mbele ya wazee. Nimerudi Mwanga nikijua nimemharibia jina mama wa watu na uchumba umeishia pale kwenye jiwe. Nimelia kidogo, sifichi. Sasa hivi umeingia ujumbe wa Mama Jeremia, na naomba asicheke mtu, maana ndiyo mara ya kwanza ananiita hivi:

"Mkwe, Jumapili uje na simu. Na ile chupa ya pasi usiisahau tena."