Mahari ya Mvinyo Mwekundu

Mambo yalimharibikia Nathanieli Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni, 2025, kule Vuga, mbele ya mapipa ya mvinyo na kina mama waliovaa nguo zao za kanisani. Hadi asubuhi ile alikuwa bado tapeli mwenye heshima zake.

Yalianzia Lushoto mjini, hotelini. Nathanieli alikuwa na chai yake ya rangi, jicho liko meza ya pili. Hapo alikaa Mheshimiwa Alen, bosi wa ofisi fulani ambayo kazi yake hakuna mwananchi aliyewahi kuijua, ila gari lake halikosi mafuta. Nathanieli aliwapenda sana watu wa namna hiyo. Mkewe Yusta alifia kwenye zahanati yenye jiwe zuri la uzinduzi na isiyo na hata sindano. Tangu hapo akajiwekea sheria: mkulima hamgusi, mwenye gari la ofisi hamwachi. Kaburi la Yusta kule Magoma lilikuwa la udongo, mbuzi wanalipanda watakavyo. Safari hii, aliapa, pesa itakwenda kwenye saruji na vigae.

"Mvinyo huu wa Ulaya?" Mheshimiwa alimuuliza mhudumu.

"Wa hapahapa, mheshimiwa. Wa Bibi Evodia wa Vuga. Mizabibu aliipanda baba mkwe wake."

Mheshimiwa akaonja tena. Mvinyo ule ulikupokea kwa ukali kama wifi, kisha ukalainika taratibu mpaka ukasahau ulichokasirikia. "Kitu kizuri hivi hakifai kukaa mikononi mwa wanakijiji," akasema. Wakubwa wetu ndivyo walivyo, wakiona kitu kizuri hukionea huruma.

Nathanieli alishafika na kikombe chake. "Shikamoo, mheshimiwa. Umenena. Mimi ni Nathanieli wa Magoma, mkwe wa nyumba ile, namwoa Anitha, binti wa Bibi. Shamba na kiwanda wanauza, ila kimyakimya. Wanataka mtu wa siri."

"Siri ndiyo kazi yangu," alisema Mheshimiwa.

Baada ya siku chache bahasha nene ya kaki ikahamia kwenye koti la Nathanieli. Kilikuwa kianzio cha kuwapelekea wenye shamba. Donge lenyewe lingefuata Mheshimiwa akishayaona mapipa. Na kuyaona ni rahisi, Bibi hupokea wageni wa kuonja kila Jumamosi. Anitha hakuwepo duniani. Bibi Evodia alizaa wanaume watupu, na binti huyo alizaliwa palepale hotelini kwa mdomo wa Nathanieli. Alichosahau ni kwamba mhudumu naye ana masikio, na kwao ni Vuga.

Basi Jumamosi hiyo gari la ofisi likapanda Vuga. Nathanieli alitegemea kukuta glasi na benchi. Akakuta mikeka, sufuria za pilau na shangazi wa kutosha kuvunja serikali.

"Mkwe wetu huyooo!" Vigelegele vikapasuka. Nathanieli akageuka nyuma amwone huyo mkwe.

Bibi Evodia akaja, mfupi, mikono imeingia rangi ya zabibu hadi viwikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Anitha kalia wiki nzima, anadhani umeghairi."

"Anitha... yupo?"

"Yuko ndani. Mchumba haonekani mpaka mahari ipokelewe. Au kwenu Magoma mnafanyaje?"

Mashangazi wakacheka. Nathanieli akapiga hesabu. Akimkana Anitha, Mheshimiwa yuko ubavuni pake anasikia. Na mkwe habishani na mama mkwe. Huinamisha macho akaitikia.

"Ndiyo, mama," akaitikia.

"Na huyu baba mnene ndiye mshenga?"

Mheshimiwa hajawahi kukataa cheo. "Ndiye mimi."

"Mshenga, kijana wako kaja mikono mitupu?"

"Thubutu! Bahasha iko kotini." Akamnong'oneza Nathanieli, "Toa, bwana. Si ndio haohao wenye shamba? Usituharibie."

Nathanieli akatoa. Aliivuta polepole kama mtu anayejing'oa jino. Shangazi mmoja akaipokea bahasha kwa sinia, akaifunika kwa kitambaa, akaingia nayo ndani. Vigelegele tena. Mvinyo ukamiminwa.

Glasi zilipomkolea, Mheshimiwa akasema, "Sasa mama, shamba nakabidhiwa lini?"

"Shamba gani, baba?"

"Hili! Si tumelipa?"

"Mmelipa mahari, na wewe mshenga umeshuhudia. Tangu lini watu wakaposa binti wakaondoka na mizabibu ya wakwe?"

Mheshimiwa akafumbua mdomo apige kelele za mwizi. Akakumbuka kwamba atakayepiga kelele ataulizwa pesa zimetoka ofisi ipi. Akaufumba. Akamtazama Nathanieli kwa jicho la kuahidi, akaingia garini, akaondoka peke yake.

"Mama," Nathanieli akasema chinichini, "mimi na wewe tunajua Anitha hayupo."

"Shii! Unamkana mchumba wako mchana kweupe, na mashangazi wamemlia pilau?" Akampa chupa moja ya mwekundu. "Shika. Hatuagi mkwe mikono mitupu."

Mhudumu wa hoteli, aliyekuwa akigawa pilau, akampungia mkono. "Shemeji, karibu tena!"

Nathanieli akashuka mlima hadi Magoma. Akawafukuza mbuzi, akaketi kando ya udongo uleule, akazibua chupa kwa meno. Funda moja akammiminia Yusta, la pili akanywa mwenyewe, akamsimulia yote bila kuficha. Mvinyo ukaanza kwa ukali, kisha ukalainika. Mbuzi mmoja akarudi, akasimama kusikiliza.

"Sasa niambie, mke wangu," akasema, "hapa nilipo, nimeoa au sijaoa?"