Mablanketi ya Bi Itto

Jumatatu, 6 Oktoba
Wewe uliyefungua ukurasa huu, nakusihi, ufunge na mdomo. Usimwambie mtu, hata ndugu yako wa damu. Nikijulikana, nimekwisha.

Mkuu wa ofisi ya nyumba amenikabidhi mimi, Udad, karani mpya, nyumba ya kwanza ya mradi. Kuta ni za udongo uliotiwa saruji kidogo, ukashindiliwa. Mwenyewe ni Bi Itto, mjane. Nyumba yake ya zamani iliyeyuka kwenye mafuriko ya mto Draa. Sasa analala na mbuzi bandani kwa shemeji yake. Tarehe ishirini mkaguzi ataumwagia ukuta maji kwa nguvu. Ukimomonyoka, nyumba inabomolewa, Bi Itto anarudi kwa mbuzi. Chai imenishinda.

Jumanne, 7 Oktoba
Fundi Basu anakwenda harusini milimani. Kaniachia kazi moja: kulowesha magunia yaliyofunika kuta, asubuhi na jioni, saruji ikomae polepole. Maji! Juu ya udongo! Udongo uleule uliomponza mjane! Nimeitikia kwa adabu. Nina mpango bora.

Jumatano, 8 Oktoba
Magunia nimeyafungia stoo. Jua linachoma kuta vizuri. Zimekauka kama mkate wa juzi. Karani mwenzangu Bihi akapita, akaniuliza mbona nimemvua bibi harusi kabla wageni hawajafika. Wivu tu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Balaa! Kuta hazionekani. Bi Itto amefua mablanketi yote ya sufu ya ukoo wake, kayaanika juu ya kuta, yanachuruzika! Nikamsihi ayaondoe.

“Mwanangu, ukuta wangu, blanketi langu. Wewe umeleta nini hapa zaidi ya kalamu?”

Kisha akanijazia bakuli la kuskusi. Nikala yote. Namshukuru mno, masikini, na anajiangamiza.

Jumatano, 15 Oktoba
Majirani wamesikia kuna pa kuanikia. Mazulia ya mtaa mzima! Wakitoa makavu, wanaleta mabichi. Nikabandika tangazo: MARUFUKU KUANIKA. Jioni nikalikuta chini ya zulia.

Jumatatu, 20 Oktoba
Mkaguzi, mama mmoja mkali, akafungua maji. Nikafumba macho. Nikasikia maji, maji, maji. Nikafumbua. Hata tope halikutoka! Akaugonga ukuta, akasema umekomaa kwa sababu haukuachwa ukauke upesi. Akauliza ni nani aliyeutunza hivyo.

Bi Itto akanisukuma mbele. Akasema ni huyu kijana, hakukosa kuja kugombana na mablanketi. Watu wakacheka. Mkuu akanipa mkono mbele ya Bihi! Bi Itto akapewa ufunguo, akaubusu, akaingia na mablanketi yake. Nililia waziwazi. Nawashukuru Bi Itto, majirani, hata kondoo waliotoa sufu ile. Na sasa nimeelewa: maji ndiyo dawa!

Jumanne, 21 Oktoba
Nyumba ya pili ni ya mama mzazi wa mkuu wa ofisi. Basu, aliyerudi kutoka harusini, kapandisha ukuta asubuhi, mchana katoa mbao zilizoushikilia, akaenda kula. Nikaukuta uko mtupu, mkavu, hauna hata kitambaa. Moyo ulijaa shukrani. Nikaita gari la maji, nikaumwagia ukuta lote.

Ukalala chini kama uji.

Basu alikaa juu ya ndoo. Bihi akauliza kama mama yake mkuu anajua kuogelea. Mkuu ananitafuta.

Nimetafakari, kosa nimeliona: maji yalikuwa baridi. Kesho nitachemsha.

Nimejificha kwa Bi Itto. Ananilisha, Mungu ampe maisha marefu. Ukinihitaji, usipite mbele. Zunguka nyuma, upande wa mitende. Usiite, kuta hizi ni nene, sitasikia. Tupa kijiwe dirisha la jikoni, kisha useme umeleta sabuni. Akikufuata mkuu na sururu yake, mwambie asijichoshe: ukuta huu umenishinda hata mimi.