Siku Penseli Iliposhuka Sikioni

Sogeeni, enyi mlio na masikio mazima nanyi mliobakiwa na nusu, mkae kitako mtulie, nawe ulimi wangu usiniangushe leo, kwani ninalolisimulia si jambo dogo: ni habari ya Mzee Penseli, bingwa wa karakana, mkata-mninga, mpasua-mvule, aliyeishi na radi miaka ishirini na sita chini ya paa moja la mabati na asikimbie.

Radi hiyo ilikuwa mashine ya randa. Ilipowashwa asubuhi misumari ilicheza makoponi, na mafundi walisemezana kwa mikono mpaka saa kumi. Jioni Mzee Penseli alirudi nyumbani na filimbi nyembamba ikilia kichwani mwake, naye akaiita uchovu.

Basi ukatukia msiba. Mjukuu wake, binti wa miaka saba aliyezoea kumnong'onezea siri zake zote, alimwinamia sikioni akamwomba aje shuleni Ijumaa amsikilize akighani shairi. Mzee hakusikia hata silabi. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, akasema, "Ndiyo, mama, bila shaka." Ijumaa ikafika, mtoto akasimama mbele ya watu akiangalia mlango, na babu yuko karakana anapiga randa.

Tangu hapo siri zikakatwa. "Babu simwambii kitu tena," mtoto alimwambia bibi yake. "Anaitikia tu." Maneno hayo yalipomfikia shujaa, na yalimfikia kwa kupigiwa kelele, yalimuuma kuliko msumari wowote aliowahi kuukanyaga.

Akaenda kwa daktari, akaambiwa kwamba kilichokwishapotea hakirudi, ila kilichobaki kikilindwa, filimbi inayokifunika huenda ikanyamaza. Akarejea karakana, akasimama mbele ya msimamizi, mwanamke mwenye funguo kumi na saba kiunoni, akadai silaha: vikinga masikio, vikombe viwili vya plastiki vilivyoungwa kwa utepe wa kupita kichwani, ambavyo kwa miaka mingi alivitundika msumarini na kuvicheka.

Hapo ndipo adui wa kweli alipojitokeza, naye alikuwa na urefu wa kidole. Kwa sheria ya karakana ile, fundi kamili huchomeka penseli juu ya sikio la kulia. Anayejifunza huiweka mfukoni. Mzee wetu akavaa vikombe juu ya penseli. Kikombe kikakaa upande, mlio ukapenya kwenye uwazi, penseli ikamchoma fuvu.

"Fundi," alisema msimamizi, baada ya kuizima mashine ili asikike, "unalinda sikio au unalinda cheo? Maana hapo vyote viwili havikai."

"Mama," akajibu Mzee Penseli, akinyoosha mgongo, "penseli hii imepima milango ya nusu ya mji huu. Ilikuwa hapa kabla wewe hujaajiriwa. Leo unaniambia niishushe mbele ya watu niliowafundisha kushika msumeno?"

"Sijakwambia. Nimekuuliza."

Mafundi wanane waliacha kazi wakamtazama. Yeye akamfikiria mtoto akiangalia mlango. Kisha mkono ule ule uliolaza magogo ukapanda taratibu, ukaing'oa penseli ngomeni mwake, ukaishusha ukipita shingo, ukipita bega, ukaitumbukiza mfukoni mwa shati, mahali pa wanaojifunza. Hakucheka mtu. Vikombe vikafunika masikio yote mawili barabara, mashine ikawashwa, nayo ikanguruma kwa mbali kama ya jirani.

Jioni ya siku ya sita, filimbi haikufuatana naye nyumbani. Akaketi sebuleni, mkewe akichambua mchele upande wa pili, akamwita mjukuu.

"Nijaribu," alisema. "Siri moja tu. Nisiposikia nitasema sijasikia."

Mtoto hakumwamini. Halafu akainama, akakinga mdomo kwa kiganja.

"Babu," akanong'ona, "bibi huwa anakusema hapa hapa, na wewe umekaa."

Mzee Penseli akageuka polepole, akamtazama mkewe wa miaka thelathini na minane. Mikono ya bibi ilisimama juu ya ungo.

"Amesemaje huyo?" akauliza bibi, kwa sauti ndogo sana.

"Na hiyo nimeisikia," akajibu shujaa.

Iandikwe basi katika tarehe za ukoo ule kwamba jioni hiyo, baada ya miaka mingi ya kusengenya kwa raha, bibi alichambua mchele wake kimya mpaka ukaisha, na mtoto akalirudia sikio la babu yake na siri ya pili.